Profesa aliyenyimwa mkataba kwa kupinga vita: karatasi za Emily Balch (uzi mrefu)

Karani wa Masjala (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite, hatutalaumiana.

Kazi yangu ni masjala. Mwaka wa kumi na nane huu nafungua majalada, naandika namba za folio (kila karatasi na namba yake), nafunga na tagi, narudisha kwenye shubaka. Watu wanadhani ni kazi ya kusinzia, waache wadhani. Ukikaa na jalada la mtumishi kuanzia barua ya kuajiriwa hadi ya kustaafu unamjua kuliko jirani yake: lini aliomba mkopo wa kujenga, lini alifiwa, lini mwandiko ulianza kutetemeka.

Juzi kati nilikuwa nasaka namna wenzetu wanavyopanga karatasi za mtu binafsi, maana za ofisi nazijua. Nikaangukia orodha ya maboksi ya mama mmoja wa Marekani, Emily Greene Balch. Yako Swarthmore, Pennsylvania, chuo kilichoanzishwa mwaka 1864 na Waquaker (Wakristo wanaojiita Friends, yaani Marafiki, wanaojulikana kwa kukataa vita), ambacho kina hazina nzima ya nyaraka za wapigania amani. Hazina yenyewe ilianza mwaka 1930 hivi, Jane Addams, mwanaharakati wa amani wa Marekani, alipowapa karatasi zake. Nilitaka kuangalia mpangilio tu, dakika kumi. Nimekuja kushtuka saa tisa usiku.

Kwa ufupi ni nani huyu. Kazaliwa Januari 1867, Boston, baba yake wakili. Alikuwa kwenye kundi la kwanza kabisa kuhitimu Bryn Mawr, 1889. Akasoma uchumi Paris, baadaye Berlin. 1896 akaanza kufundisha Wellesley, chuo cha wanawake. 1910 akatoa kitabu kinene kuhusu wahamiaji Waslavi walioko Marekani, na hapa ndipo nilipoanza kumpenda: kabla ya kuandika alifunga safari hadi vijijini kwao, Austria-Hungary, akaone wametoka wapi. Wengi tungeishia kuwahoji bandarini. 1913 akapewa uprofesa.

Mpaka hapo maisha yamenyooka kama rula. Kisha ikaja 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia.

Aprili 1915 wanawake zaidi ya elfu moja kutoka nchi 12 walikutana The Hague, Uholanzi, vita vikiwa vimepamba moto. Balch alikwenda na Jane Addams na Wamarekani wenzao kwa meli ya Noordam. Waingereza wakaizuia meli karibu na Dover siku kadhaa. Hebu fikiria, umevuka Atlantiki yote, umebakiza kipande cha maji tu, halafu unakalishwa hapo unatazama nchi kavu.

Mkutano ulipokwisha wakagawana njia kwenda kuonana na wakubwa. Kundi la Balch likaenda nchi za Skandinavia na Urusi. Swali lao lilikuwa moja: nchi zisizo vitani zikiunda jopo la kusuluhisha, mtakataa? Kule Petrograd, mji mkuu wa Urusi enzi hizo, walipokelewa na waziri wa mambo ya nje, Sazonov. Akawasikiliza kwa adabu zote. Sisi wa ofisini lugha ile tunaijua, kwetu inaitwa "suala lako linafanyiwa kazi".

Naendelea, ngoja nile kwanza.

Mchele Mapande

Nimeweka kambi hapa. Mkuu usituache njia panda kama wale wa hadithi za majini.

Kiboko ya Chai

Chai hii. Profesa wa chuo cha mabinti anaonana na waziri wa Tsar, mfalme wa Urusi? Kwa miadi ya nani?

Karani wa Masjala

Kiboko, siyo chai. Mwaka huohuo 1915 walitoa kitabu cha safari ile, waandishi watatu: Addams, Balch na daktari Alice Hamilton. Agosti Balch akaonana na Rais Wilson pia. Wakubwa walikuwa wanawapokea kwa sababu hakuna aliyetaka kuonekana ndiye aliyefunga mlango wa amani. Kupokewa na kusikilizwa ni vitu viwili.

Tuendelee. Marekani ikaingia vitani Aprili 1917. Wenzake wengi wa vyuoni wakageuka siku hiyohiyo, jana mpinga vita, leo anapeperusha bendera. Balch alikuwa kwenye likizo, yuko New York na vikundi vya amani, anatetea vijana wanaokataa kwenda jeshini kwa sababu ya dhamiri. Mkataba wake wa chuo ukaisha 1918.

Sasa kuna barua aliyomwandikia mkuu wa chuo, Ellen Fitz Pendleton. Hii nimeirudia mara nne. Mtu anayeombewa mkataba mpya, sisi tunavyojua, anaandika kwa kunyenyekea: naahidi kuzingatia majukumu yangu, nimejifunza. Yeye hana hata mstari mmoja wa hivyo. Anamwambia mkuu wake kwamba hawezi kuoanisha vita na mafundisho ya Yesu, na kwamba kwa ajili hiyo analazimika kuikosa raha ya kushirikiana na wenzake moja kwa moja. Hatukani wala halii, na wao hawalaumu hata kidogo. Anampa mwajiri sababu ya kumwacha, kwa maneno yaliyopimwa, na anajua anafanya nini.

1919 bodi ikaamua: hapati mkataba. Ana miaka 52, kafundisha hapo zaidi ya miaka ishirini.

Nimeshika barua za namna hiyo mikononi, za hapa kwetu. Ukizisoma unasikia mtu anavyomeza mate. Ya Balch huisikii hiyo.

Binti Kisauni

Mkuu, hapo kwenye barua nimesoma mara mbili. Halafu akaishije?

Karani wa Masjala

Binti, alipata kazi gazetini, jarida la The Nation, kwa muda. Halafu 1919 wanawake walewale wa The Hague wakakutana Zurich, wakaunda rasmi umoja wao wa kimataifa wa amani na uhuru, yeye akawa katibu na mtunza hazina, ofisi Geneva, hadi 1922. Yaani mkataba wa darasa umekatika, akapewa dawati la dunia. Mshahara sidhani kama ulikuwa wa kujivunia.

Mwana wa Vihiga

Salamu kutoka Kenya. Naona mleta mada ametaja Quaker halafu akapita kama hajaona kitu. Huku kwetu Friends ndio wenyewe! Mimi nimebatizwa, aa, pole, Friends hawabatizi kwa maji, nimelelewa Friends. Missionari watatu Wamarekani walifika Kaimosi 1902, na leo Kenya ndiyo yenye Quaker wengi kuliko nchi yoyote duniani. Huyo mama alikuwa Friend wa aina gani? Wa kuimba au wa kunyamaza?

Kiboko ya Chai

Wa kunyamaza ndio wakoje?

Mwana wa Vihiga

Friends wa zamani wa Uingereza hawana pasta wala kwaya. Wanaketi kimya. Mtu akisukumwa rohoni anasimama, anasema maneno mawili, anakaa. Saa nzima inaweza kwisha hakuna aliyesema. Sisi tulioletewa na Wamarekani wa kule Midwest tuna pasta, tuna mahubiri, na kwaya za Vihiga usiombe zianze, utakula saa kumi. Nilienda London kwa shughuli zangu, nikaingia ibada yao ya kimya. Dakika ya ishirini tumbo langu likanguruma, nikajua leo ni mimi nimesukumwa.

Mchele Mapande

😂😂 Ulisimama?

Mwana wa Vihiga

Nilikohoa tu.

Karani wa Masjala

Mwana wa Vihiga umenifaa sana, tena umenisahihisha. Balch alikuwa wa kunyamaza. Na watu wengi wanaandika kama vile alizaliwa humo, si kweli. Alilelewa Unitarian, dhehebu jingine. Alijiunga 1921, ana miaka 54, na hakujiungia kwao Marekani, alijiunga na Marafiki wa London, kwa kuwa wale wa Marekani walikuwa wamegawanyika makundi makundi.

Kwa hiyo angalieni mpangilio wa tarehe, maana mtu wa masjala haachi tarehe: kupinga vita 1915, kupoteza kazi 1919, Quaker 1921. Dini haikumfundisha kukataa vita. Alikataa kwanza, akalipa, ndipo akatafuta watu wa kuketi nao kimya.

Mgumu wa Kuelewa

Samahani wakuu, nauliza kwa nia njema. Karatasi za bibi wa Boston zinatuhusu nini watu wa huku? Tuna za kwetu hazijasomwa.

Karani wa Masjala

Swali halali. Kuhusu za kwetu nitakuja, tena nina donge langu. Ila ngoja nikupe Haiti kwanza.

Marekani iliikalia Haiti kijeshi kuanzia 1915. Mwaka 1926 ule umoja wa wanawake ukatuma watu sita kwenda kuona, na Wahaiti wenyewe waliomba waje. Balch alikuwemo. Alikuwemo pia Addie Hunton, mwanamke Mweusi wa Marekani, jambo ambalo kwa miaka ile si dogo: unampeleka mtu ambaye kwao kusini haruhusiwi kukaa siti ya mbele, aende kukagua tabia za jeshi la nchi yake kwenye taifa la watu Weusi. 1927 kikatoka kitabu, sehemu kubwa kalamu ya Balch.

Kilichonishika ni jinsi anavyobishana. Hasemi askari ni mashetani. Barabara na hospitali zilizojengwa anazikubali. Halafu anauliza: nani aliyeamua? Barabara ambayo mwenye nchi hakuulizwa ijengwe wapi si hoja ya kumnyima serikali yake. Pendekezo likawa wajiondoe, Wahaiti wajitawale. Kitabu peke yake hakikuwaondoa askari, nisidanganye. Ilibidi zije ghasia za 1929, tume ya Rais Hoover 1930, ndipo wakaondoka 1934. Ila hoja ile ya "barabara mmejengewa, mnalalamika nini" sisi huku tumeisikia kwa lafudhi kadhaa, kwa hiyo Mgumu, inatuhusu kidogo.

Mgumu wa Kuelewa

Hapo sawa. Nimekaa.

Sajini Mstaafu

Mimi nimevaa sare miaka 22. Nawaheshimu watu hawa lakini nina swali moja huwa hawajibu. Hitler mngemzuia kwa barua? Naomba jibu bila mahubiri.

Karani wa Masjala

Mzee shikamoo. Hilo swali lako ndilo lililonikesha mpaka saa tisa, na sikuanzisha uzi kwa ajili ya Tuzo ya Nobeli ya Amani aliyokuja kupewa, nimeanzisha kwa ajili ya hilo.

Balch alijiuliza swali lilelile. Miaka ya thelathini wakimbizi wa Ulaya walikuwa wanamwandikia, Wayahudi na wengine, wanatafuta viza, wanatafuta mtu wa kuwadhamini. Siyo habari za gazetini, ni bahasha zenye jina lake. Alisaidia kila alipoweza. Ukishasoma barua kama hizo asubuhi, jioni utasimama jukwaani useme vita ni dhambi, basi? Vilipolipuka 1939 alipita kwenye mvutano mrefu wa akili, wa maumivu, na mwenyewe alikiri kuwa hakuwahi kufikia msimamo ulionyooka akaridhika nao. Hakushangilia vita. Ila hakuweza tena kusema Wanazi waachwe. Wenzake kwenye umoja wao walibaki na msimamo wa moja kwa moja, naye hakuwakana wala hawakumtimua.

Na wakati huohuo, Marekani ilipowakusanya zaidi ya watu laki moja wenye asili ya Kijapani ikawafungia kambini, wengi wao raia wa kuzaliwa, akawa upande wao. Kwake kukubali kwamba Hitler lazima azuiwe hakukuwa cheti cha serikali kufanya itakalo nyumbani.

Kwa hiyo mzee, jibu bila mahubiri: hata yeye hakuwa nalo lililokamilika, na aliacha maandishi yanayoonyesha hivyo. Angeweza kuyachoma.

Sajini Mstaafu

Marahaba kijana. Huyo mama ningekunywa naye chai. Wengi huwa na majibu kabla sijamaliza swali.

Kiboko ya Chai

Mkuu umesema "angeweza kuyachoma". Hawa watu maarufu si huwa wanachambua kwanza, mabaya yanaingia motoni, mazuri boksini?

Karani wa Masjala

Wanafanya sana. Ndiyo maana boksi la mtu halitoshi. Kuna kitu wasomaji wa nje wa kazi yetu hawakizingatii: kwenye karatasi za mtu unakuta zaidi barua alizoandikiwa. Alizoandika yeye ziko kwa aliowaandikia. Maongezi yamekatwa vipande viwili, kila kipande kiko kwenye nyumba ya mwenzake. Balch kuandikiwa na Addams unasoma upande huu, Addams kuandikiwa na Balch unahamia maboksi ya Addams. Bahati nzuri yote mawili yako Swarthmore, unabadilisha meza tu. Ila nyaraka za umoja wao wa kimataifa, ule wa ofisi ya Geneva, ziko Chuo Kikuu cha Colorado, Boulder, kilomita elfu mbili na ushee. Ukitaka kujificha kabisa usijulikane, choma zako, lakini utawafikiaje wote uliowaandikia?

Halafu kuna karatasi ambazo maadui wanakutunzia. 1923 mkutubi mmoja wa kitengo cha silaha za kemikali cha jeshi la Marekani alichora mchoro, wanauita utando wa buibui: majina ya wanawake wanaharakati na vyama vyao, mistari inavuka huku na huku, kuonyesha kwamba wote ni njama moja ya kikomunisti. Chama cha Balch kilikuwemo. Wanawake wakapiga kelele, wizara ya vita ikaagiza nakala ziharibiwe. Wapi! Gazeti la Henry Ford lilikuwa limeshauchapa. Leo wanafunzi wanausoma darasani kama mfano wa woga wa serikali. Mkutubi mwenzangu yule (nasema mwenzangu kwa uchungu) alidhani anafichua, kumbe anawahifadhia.

Binti Kisauni

Na Nobeli alipata lini? Nasikia Quaker ndio walipewa.

Karani wa Masjala

Zote kweli, msichanganye. Balch alipewa 1946, akagawana na John Mott wa YMCA, chama cha vijana wa Kikristo. Mwaka uliofuata, 1947, tuzo ikapewa taasisi mbili za huduma za Quaker, ya Uingereza na ya Marekani. Balch alitoa mhadhara wake Oslo Aprili 1948, ana miaka 81. Sehemu kubwa ya fedha aliupa umoja wake. Wellesley nao walikuwa wameshaanza kumwita, 1935 walimwalika azungumze siku ya kukumbuka kumalizika kwa vita. Akaenda. Mimi nisingeenda, nawaambieni ukweli. Kafariki 9 Januari 1961, siku moja baada ya kutimiza miaka 94.

Na kwenye maboksi hamna siasa tu. Kuna shajara, kuna mashairi. 1941 alichapisha kijitabu cha mashairi. Ndilo linalonifurahisha kwenye karatasi za mtu kuliko jalada la ofisi. Jalada la ofisi halina shairi. (Niliwahi kukuta moja, la mhasibu, nyuma ya hati ya malipo. Nikalipa folio.)

Mchele Mapande

Uliahidi donge lako.

Karani wa Masjala

Donge langu ni shangazi. Alikuwa mwalimu, na miaka ya tisini alikuwa anazunguka vijiji vya kwetu kusuluhisha ugomvi wa mashamba, hakulipwa na mtu. Kila kikao aliandika kwenye daftari la mistari: nani kasema nini, mpaka uko kwenye mti gani. Madaftari yalijaa sanduku la bati. Alipofariki nilikuwa kazini mbali, nikafika siku ya tatu. Ndugu mmoja alikuwa amefanya usafi. Aliniambia kwa nia njema kabisa, "takataka zote nimeshazichoma, nyumba imependeza". Mimi, mtu wa masjala, nimesimama uani natazama jivu, limebaki gamba moja lenye jedwali la kuzidisha kwa nyuma. Hilo ninalo.

Sijamsema. Ningemwambia nini?

Sajini Mstaafu

Pole sana kijana.

Binti Kisauni

Pole mkuu. Gamba la daftari na jedwali la kuzidisha... nimeliona kabisa.

Mwana wa Vihiga

Pole bro. Umeniogopesha. Nyanya yangu alikuwa karani wa kina mama wa Friends kijijini miaka mingi, na madaftari yake yako kwa kabati ya jikoni.

Mchele Mapande

Nyanya ya kachumbari?

Mwana wa Vihiga

Bibi, kwa Kitanzania chenu! Kwetu bibi ni mke. Sasa Karani, nikienda Jumamosi nifanye nini? Jikoni kuna moshi, na nadhani kuna mende.

Karani wa Masjala

Usiyapange upya. Hata kama unaona yamechanganyika, mpangilio wa mwenyewe ni habari. Piga picha kabati kabla hujagusa. Toa pini na raba bendi, pini zinatia kutu, raba zinayeyuka na kunata. Andika kwa penseli, siyo kalamu ya wino, nyuma, pembeni kabisa: ya nani, umeyatoa wapi, tarehe. Usilaminishe, nakusihi. Boksi la karatasi linatosha, mbali na sakafu na mbali na jiko. Na kama bibi yupo hai, muulize yeye kwanza. Ni zake.

Mwana wa Vihiga

Yuko, ana miaka 88. Nitaleta ripoti.

Mwana wa Vihiga

Nimerudi, ni Jumapili usiku. Madaftari 14. La zamani kabisa ni la 1967. Kila mkutano: wimbo, somo, waliohudhuria, michango. Michango mingine ni ya mayai. "Mayai 6, ya kumwona mgonjwa." Kuna ukurasa mmoja ameandika kirefu halafu akakata mstari mmoja mmoja kwa rula, vizuri kabisa, ukurasa mzima. Nikamuuliza nini hiki. Akachukua daftari, akaliangalia, akacheka, akasema hiyo ilikuwa kesi ya mtu na mume wake, wakasema wameimaliza. Akakataa kuniambia ni nani. Nikimulika kwa simu kwa nyuma maandishi yanasomeka kidogo. Nisome?

Karani wa Masjala

Usimulike.